Namna ya Kupitia Upya Kanuni za Mavazi za Klabu ya Gofu: Mwongozo kwa Kamati za Arusha na Moshi

Kamati ya klabu ya gofu isisubiri mgeni arudishwe getini ndipo ianze kujadili mavazi, kwa sababu mjadala unaozaliwa na fedheha ya mtu mmoja huwa mkali na ni nadra kuzaa kanuni nzuri. Mwongozo huu ni kwa wajumbe wa kamati, manahodha na makatibu wa klabu za huku kwetu: Arusha Gymkhana iliyomo ndani ya jiji, Moshi Club, uwanja wa TPC kule Arusha Chini kwenye mashamba ya miwa, Kili Golf upande wa Usa River, na uwanja mwingine wowote utakaofunguliwa baada ya hii. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anaposoma. Naamini kanuni nyingi za mavazi tulizorithi zinapaswa kubadilishwa, na baadhi kufutwa kabisa, lakini klabu isibaki bila kanuni. Kifungu kibaki pale tu ambapo kamati inaweza kusema waziwazi kinalinda nini: nyasi, mwili wa mchezaji, staha ya watu wanaokaa pamoja, au utaratibu wa mashindano. Kifungu kisicho na jibu kiondolewe, hata kama kimekaa ubaoni tangu enzi za babu zetu.

Kwanza, jueni mamlaka yako wapi

Wanachama wengi huamini kwamba kola ni sharti la mchezo wenyewe. Si kweli. Kanuni za Gofu hutolewa na R&A ya St Andrews, Uskoti, kwa kushirikiana na USGA ya Marekani, vyombo viwili vinavyosimamia mchezo huu duniani; zilifanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2019 na kurekebishwa tena mwaka 2023. Zinaweka idadi ya fimbo ambazo mchezaji anaruhusiwa kubeba, zisizozidi 14, na zinaeleza mpira udondoshwe kutoka kimo gani, lakini hazimwambii mchezaji avae nini. Kinachotajwa, katika Kanuni ya 1.2b, ni kwamba kamati inaweza kujiwekea kanuni za mwenendo na adhabu zake, na maelekezo kwa kamati yanataja mavazi kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kuingizwa humo. Kwa hiyo hakuna ofisi yoyote ya ng'ambo itakayowazuia kuruhusu fulana isiyo na kola, wala hakuna mtu wa kumtupia lawama kanuni yenu ikiwa mbaya. Mamlaka ni yenu, na dhamana pia ni yenu.

Kabla ya kugusa kifungu chochote, inafaa kamati ijue vifungu hivyo vilikotoka. Zamani, wachezaji wa Blackheath huko London walivaa makoti mekundu kwa sababu walicheza katika maeneo ya wazi yaliyotumiwa na watu wote, na rangi ile iliwaonya wapita njia kwamba kuna mipira inayoruka. Katika Wimbledon Common, London, mchezaji hulazimika hadi leo kuvaa nguo nyekundu ya juu kwa sababu hiyohiyo. Huo ni mfano mzuri wa kanuni ya mavazi, kwa kuwa ukiuliza inamlinda nani unapata jibu. Sasa chukueni sharti la soksi ndefu hadi magotini kwa aliyevaa kaptula, lililokuwa la kawaida katika klabu za Kiingereza na likaletwa huku wakati wa utawala wa Waingereza. Halilindi nyasi wala ngozi wala mtu wa tatu. Lilikuwa alama ya kumtambulisha aliye wa ndani na kumweka kando aliye wa nje. Klabu zetu ziliachiwa majengo, viwanja na vitabu vya kanuni kwa pamoja. Majengo tumeyakarabati mara nyingi, na vitabu navyo vinastahili ukarabati.

Jibu kwa wanaosema gofu ya kweli haibadiliki

Hoja hii itatolewa, tena na watu wanaostahili heshima, kwa hiyo kamati iwe na mifano mkononi. European Tour, mfululizo wa mashindano ya kulipwa ya Ulaya, iliruhusu wachezaji kuvaa kaptula katika siku za mazoezi mwaka 2016, na PGA Tour, mfululizo kama huo wa Marekani, ikafanya hivyo mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2019 Tiger Woods alishinda mashindano makubwa ya Masters pale Augusta, Marekani, akiwa na fulana nyekundu ya shingo ndefu, isiyokuwa na kola ya kukunjwa. Oktoba 2020 mchezaji wa kulipwa Tyrrell Hatton alitwaa ubingwa wa BMW PGA huko Wentworth, Uingereza, akiwa na sweta lenye kofia, vazi ambalo klabu nyingi zilikuwa zikilikataa. Mwaka 2022 LIV Golf, mfululizo mwingine wa mashindano ya kulipwa, iliruhusu kaptula hata kwenye mashindano yenyewe.

Mifano hiyo haimaanishi kwamba tuwaige, maana hali ya hewa ya Augusta si ya Moshi na uwezo wa wanachama wao si wa wanachama wetu. Kazi yake ni kuonyesha tu kwamba mchezo umepita katika mabadiliko hayo na heshima yake ikabaki. Wala mabadiliko hayaendi upande mmoja siku zote: mwaka 2017 LPGA, chama cha wanawake wa kulipwa, kilikaza masharti kuhusu shingo za fulana, urefu wa sketi na taiti, na kikalaumiwa kwa kushughulikia miili ya wachezaji kuliko uchezaji wao. Kamati isome tukio hilo kama onyo, kwa kuwa ni rahisi sana kupitia upya kanuni na kuishia na orodha ndefu zaidi kuliko ile ya mwanzo.

Pimeni kila kifungu kwa jua, mvua na baridi ya huku

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo kamati nyingi hupita haraka. Tuko takribani nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Moshi iko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, Arusha karibu mita 1,400, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kila mita 1,000 za mwinuko huongeza nguvu ya mionzi ya jua inayounguza ngozi kwa takribani asilimia 10. Mchezaji wa mashimo 18 hukaa juani saa nne au zaidi. Arusha ya Julai ina ubaridi wa asubuhi unaokakamaza vidole, ilhali uwanja wa TPC mwezi Februari ni joto tupu. Kanuni moja iliyoandikwa kwa ajili ya hali ya hewa ya Uskoti haiwezi kuwafaa watu hawa wote.

Kutokana na hali hiyo, kaptula inayofika karibu na goti iruhusiwe kwa wanaume na wanawake bila sharti la soksi. Sweta lenye kofia liruhusiwe, maana asubuhi ya Juni hakuna sababu ya kumwambia kijana avue kinachompa joto kwa kuwa tu kina kofia mgongoni. Kuhusu kola, wanaoitetea wana hoja moja ya kweli: ikiinuliwa hukinga shingo. Lakini shingo ndefu hukinga zaidi, na fulana ya mikono mirefu hukinga zaidi ya zote. Kwa hiyo badala ya kuandika kwamba kola ni lazima, andikeni kwamba mabega yafunikwe. Singlendi itabaki nje kwa sababu inayoeleweka, na fulana nzuri ya michezo itaingia.

Kuna kundi moja ambalo sijaona likitajwa katika kanuni za mavazi, na linaniuma kwa sababu tunaishi nalo. Watu wenye ualbino wanaotaka kucheza, au kubeba mifuko ya fimbo, au kumsindikiza mtoto mazoezini, wanahitaji kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, suruali ndefu na wakati mwingine glavu mbili, na hawawezi kuvua kofia kwa sababu tu wamefika barazani ambako jua bado linawapiga. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa Kilisun, mafuta maalumu ya kukinga ngozi zao na jua. Mji uliofikia hatua hiyo hauwezi kuwa na klabu inayomwambia mtu huyo avue kofia kwa adabu. Kifungu cha kuvua kofia ndani ya jengo, ambacho wazee hukipenda na ambacho mimi pia naona kina staha yake, kibaki kikiwa na msamaha wa kiafya ulioandikwa, ili mhudumu asilazimike kumhoji mtu kuhusu mwili wake.

Viatu

Kwa viatu sipendekezi kulegeza kila kitu. Grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, ndiyo mali ghali kuliko zote uwanjani. Inamwagiliwa, inakatwa na kulindwa kila siku, na kiatu kibaya huiharibu kwa hatua chache. Meno ya chuma huchana mizizi, na katika viwanja vingi duniani yalianza kuachwa miaka ya 1990 meno laini yalipopatikana. Visigino vyembamba huacha matundu. Ndala na kandambili hazimshiki mchezaji kwenye mteremko uliolowa, na msimu wa masika, Machi hadi Mei, kuteleza si jambo la kudhania. Vifungu hivyo vibaki, na vielezwe sababu zake.

Lakini raba za kawaida zenye soli bapa haziharibu kitu. Klabu inayodai viatu vilivyotengenezwa mahususi kwa gofu inalinda duka, hailindi grini. Kifungu hicho kiandikwe upya kitaje soli, kisitaje aina ya kiatu, kwa kuwa soli ndiyo inayokutana na nyasi.

Wanawake, dini na mila

Kanuni nyingi za zamani zina aya moja kwa wanaume na tatu kwa wanawake. Ziunganisheni. Vazi linaloruhusiwa liruhusiwe kwa yeyote, na urefu wa sketi usipimwe kwa jicho la mlinzi. Arusha imetoa wachezaji wa timu ya taifa ya wanawake kama Madina Iddi, na binti anayetamani kufuata njia hiyo asikutane kwanza na mtu anayemkagua miguu.

Hijabu na kilemba, kikiwemo kile cha Masingasinga ambao ni wenyeji wa miji yetu kwa vizazi kadhaa, vitajwe kwa majina kwamba vinaruhusiwa uwanjani, barazani na kwenye utoaji wa zawadi. Kutotaja hakutoshi, kwa sababu mhudumu mpya asiyejua ataamua anavyoona yeye. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13 na ya 19, inazungumzia usawa na uhuru wa dini, na kanuni ya klabu isisubiri kukumbushwa hilo na mtu aliyeumizwa.

Vipi kuhusu rubega? Mlinzi wa geti katika miji yetu mara nyingi ndiye mwenye shuka, na sioni ni kwa hoja gani mgeni aliyevaa vivyo hivyo azuiwe kuketi barazani na kunywa chai. Uwanjani suala ni la kiutendaji tu, yaani nguo isikamate fimbo wakati wa kupiga. Kwa hafla za jioni zinazodai koti na tai, kaunda suti, shati la kitenge au la batiki lenye mshono mzuri, kanzu na gauni la kitenge vihesabiwe mavazi rasmi kamili, si mavazi ya kuvumiliwa. Hili lingefanywa tangu 1961.

Gharama

Hatuwezi kusema tunataka vijana halafu tukadai mavazi ya bei ya dukani. Makedi wengi, wanaobeba mifuko yetu na kuujua uwanja kuliko sisi, ni wachezaji wazuri. Baadhi ya wachezaji bora wa nchi hii walianzia huko. Kanuni ikiandikwa vizuri, mtu anaweza kuitimiza kwa kutembea mara moja Memorial, Moshi, au Kilombero, Arusha, ambako fulana za kola na kaptula nzuri za mtumba hazikosekani. Nashauri kamati ifanye hivyo kwa vitendo: mjumbe mmoja aende sokoni na rasimu mkononi, anunue vazi zima linalokubalika, kisha aweke risiti au hesabu yake mezani. Kiasi hicho kikizidi uwezo wa kedi au wa mzazi wa mtoto wa shule, rasimu irudi kufanyiwa kazi.

Watoto wa mafunzo waruhusiwe kuvaa sare za michezo za shule zao. Suruali ya jinzi sioni inachoharibu. Ni nzito ikilowa, lakini hilo ni tabu ya mvaaji mwenyewe, kwa hiyo iruhusiwe siku za kawaida na kamati ya mashindano iamue kuhusu siku zake. Jezi za Simba na Yanga ziruhusiwe mazoezini na zisivaliwe kwenye mashindano ya klabu. Fulana za kampeni za siasa zisiingie kabisa, kwa kuwa baraza la klabu ni la watu wa vyama vyote.

Mchakato wa kubadilisha

Someni kwanza katiba ya klabu. Mara nyingi kanuni za mavazi huwa katika kanuni ndogo ambazo kamati inaweza kuzibadilisha yenyewe, lakini mahali pengine zinahitaji mkutano mkuu wa mwaka, na kosa la utaratibu hapa litawapa wapinzani sababu ya kufuta kila kitu. Undeni kamati ndogo yenye mzee wa klabu, mwanamke anayecheza, mchezaji kijana, msimamizi wa uwanja anayejua nyasi, na mwakilishi wa makedi. Huyu wa mwisho husahauliwa, na ndiye anayeona kila siku ni nani anayegeuzwa.

Wazee wafuatwe mmoja mmoja kabla ya mkutano, nyumbani au barazani, kwa shikamoo na kwa muda wa kutosha wa kuwasikiliza. Wengi wao hawapingi kaptula. Wanaogopa kwamba baada ya kaptula patakuja uzembe, mipira isiyotafutwa, mashimo ya mchanga yasiyosawazishwa, na kelele mtu anapopiga. Hofu hiyo ni ya haki. Jibuni kwa kuhamisha nguvu ya kanuni kutoka kwenye nguo kwenda kwenye mwenendo: anayeacha mchanga bila kuusawazisha au kuharibu grini bila kuirekebisha achukuliwe hatua kali zaidi kuliko aliyekosea kuvaa. Nimeona upinzani ukilegea hoja hiyo inapowekwa mbele kwanza.

Rasimu ipewe kipindi cha majaribio kinachopita katika masika na baridi, ndipo ipigiwe kura ya mwisho.

Maneno ya kuandika

Kanuni nzuri inatosha ukurasa mmoja na inaeleweka bila kuuliza. Kamati inaweza kuanzia hapa:

"Uwanjani, mchezaji avae nguo safi, zinazofunika mabega na zinazomwezesha kuzungusha fimbo bila kizuizi. Suruali, kaptula inayofika karibu na goti, sketi na gauni la michezo vinaruhusiwa kwa yeyote. Viatu viwe na soli bapa au meno laini. Meno ya chuma, visigino vyembamba na ndala haviruhusiwi kwa sababu huharibu grini au humtelezesha mvaaji. Hijabu, kilemba, na vazi lolote la kujikinga na jua kwa sababu za kiafya vinaruhusiwa kila mahali na kila wakati. Katika hafla rasmi, mavazi ya asili na ya Kiafrika ni rasmi sawa na koti na tai. Nguo zenye matusi au kampeni za siasa hazivaliwi katika eneo la klabu."

Iandikwe kwa Kiswahili kwanza, kisha itafsiriwe kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni, kwa sababu mlinzi na mhudumu wa mapokezi ndio watakaoisimamia. Itumwe kwa kila anayeweka nafasi ya kucheza kabla hajatoka nyumbani.

Namna ya kumwambia mtu

Kanuni njema husimamiwa na mtu mmoja aliyeteuliwa, pembeni, kwa sauti ya chini, na akiwa na suluhisho mkononi. Mapokezi pawe na fulana kadhaa na jozi za viatu vya kuazima, safi, za saizi mbalimbali. Wanachama wenye viatu vya ziada wataombwa wavitoe. Kwa mzee: "Shikamoo mzee, karibu sana. Viatu vyako vina meno ya chuma na grini zetu hazivihimili. Naomba utumie jozi hii leo, na fundi wetu anaweza kukubadilishia meno." Kwa kijana: "Karibu dada. Uwanjani tunatumia soli bapa. Tuna za kuazima hapa, unavaa namba ngapi?" Hakuna haja ya kutamka neno marufuku. Mgeni aliyekuja na mwanachama asiambiwe yeye. Aambiwe mwenyeji wake.

Ingawa Kanuni ya 1.2b inaruhusu adhabu za mapigo, yaani kuongeza mapigo kwenye hesabu ya mchezaji, sishauri kamati iongeze pigo kwa mtu kwa sababu ya nguo. Matokeo yabaki ya mchezo, na suala la mavazi limalizwe kabla ya shimo la kwanza au lisubiri hadi la mwisho.

Siku kanuni mpya inapoanza, ubao wa zamani ung'olewe getini, maandishi ya zamani yaondolewe kwenye kadi za mialiko, na walinzi wa zamu zote wasomewe kanuni hiyo, maana mlinzi wa zamu ya alfajiri ndiye anayewapokea wachezaji wa kwanza. Mapokezi pawekwe daftari la kila aliyezuiwa au kuazimishwa nguo, likionyesha tarehe, kifungu kilichotumika na alivyosaidiwa, bila jina lake. Baada ya mwaka kamati ilisome, na kifungu ambacho kimegeuza watu bila yeyote kuweza kueleza kilikuwa kinalinda nini kirudishwe mezani.